Godoro Nililolishonea Tela

Leo nimeaibika, jamani. Na si aibu ya kujificha chumbani ikapita. Nimeaibika mchana kweupe, katikati ya senta ya Butiama, mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji, mbele ya akina mama wa kanisani, mbele ya bodaboda wote wa kijiwe cha pale, na mbele ya kuku mmoja. Naandika haya nikiwa nimevaa suruali ya shemeji yangu, ambaye ni mwembamba. Naandika nimesimama. Suruali hii haikaliki.

Acha nianze mwanzo, maana nawajua. Mtaanza kupigiana simu kabla sijamaliza.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni fundi wa kuchomelea na sijawahi kutulia. Nilikuwaga Kahama, nikaenda Mbeya, nikaenda Tunduru, nikarudi tena Kahama kwa sababu nilisahau nyundo yangu (nyundo sikuikuta). Kila mji niliopita naukumbuka kwa upendo, hata ile niliyoondoka kwa mguu. Sasa nina miaka arobaini na kitu, magoti yameanza kulalamika, na mke wangu Rhoda naye ameanza.

"Baba Neema," aliniambia, "nimechoka kufunga vyombo. Sufuria zangu zimesafiri kuliko kondakta."

Basi tukarudi Mara. Tumepanga chumba Nyakato, kule Musoma, na nikaanza kutafuta mahali pa kufungua karakana, nikae, nizeeke hapo hapo.

Mahali penyewe papo. Kwao Rhoda, Butiama, kando kabisa ya barabara, kuna banda la marehemu baba mkwe. Alikuwa akitengenezea baiskeli humo. Tangu afariki limefungwa, na ufunguo anao mama mkwe. Ameufunga kwenye pindo la kanga yake, hauachi hata akienda kanisani. Rhoda alimwomba, akakataa. Magesa, kaka yake Rhoda, alimwomba, akakataa. Alisema hawezi kutoa banda la mume wake kwa mtu ambaye viatu vyake havijui mlango wa kulala.

Baadaye akalegea kidogo. Akasema sawa, aje na vyombo vyake vya kazi, nivione kwa macho yangu, nijue kama binti yangu aliolewa na fundi au na msafiri.

Siku yenyewe ilikuwa leo. Mnaelewa uzito wake? Leo nilikuwa naingia kwenye mtihani, na mtihani wenyewe ni tela.

Nina pikapu kuukuu na tela nililonunua kwa mchuuzi wa samaki pale mwaloni Mwigobero, Musoma. Miaka yote lilikuwa likibeba sangara na barafu, na yale maji ya samaki yalikuwa yakilala humo na kuamka humo. Sakafu ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ukiikwangua inatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Halafu vyombo vyangu vikisafiri humo vinapigana. Vaisi, ile ya kubania vyuma, inaipiga grinda, grinda inaipiga mashine ya kuchomelea, nyundo inampiga yeyote aliye karibu. Ukifika mwisho wa safari unashusha majeruhi. Na kila pigo linalofika sakafuni linaongeza tundu jipya.

Nikajiambia, mama mkwe akiona vyombo vimelala juu ya kutu kama mizoga, banda nimelikosa. Lazima sakafu iwe safi, na vyombo viwe vimelala pazuri.

Fundi wa kawaida angefanya hivi: brashi ya waya, kukwangua mpaka chuma king'ae, kupaka ile rangi ya kuzuia kutu, kusubiri ikauke, kupaka tena, kusubiri tena, kisha kutandika mpira juu. Kazi ya siku kadhaa, na nusu yake ni kusubiri.

Mimi si fundi wa kawaida. Mimi nimetembea.

Nilipokuwa Tunduru nilikuwa nakaa na vijana wa ujenzi wa barabara. Wale walikuwa wakipaka lami chini ya gari zao, na gari zile hazikuwahi kuota kutu. (Sikukaa muda wa kutosha kuthibitisha, lakini ndivyo ninavyokumbuka, na mambo ya Tunduru nayakumbukaga vizuri.) Kwa hiyo nikatafuta lami. Nikaipasha moto kwenye debe. Ilikuwa nzito, brashi haiburuziki. Nikaongeza oili chafu ya gari, nusu kwa nusu. Ikawa laini kama uji wa mgonjwa. Nikapaka sakafu nzima, kona zote, matundu yote, mpaka tela likang'aa jeusi ti, nikajiona humo kama kwenye kioo.

Hapo nikawa nimemaliza habari ya kutu. Ikabaki habari ya vyombo kupigana.

Nikachukua magunia ya katani, nikayaunganisha, nikayajaza mabaki ya pamba niliyoletewa kutoka Bunda. Likawa godoro la kuenea tela zima. Marehemu mama yangu, kule kwetu Majita, alikuwa akishona magodoro ya pamba, nami nilikuwa nikimshikia upande wa pili. Alikuwa akisema usipopitisha uzi juu mpaka chini kila baada ya shibiri, pamba yote inakimbilia pembeni na wewe unalala kwenye gunia tupu. Basi nikachukua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba ya katani, nikapitisha juu mpaka chini, juu mpaka chini, mistari mizuri iliyonyooka. Machozi yalinilengalenga kidogo. Nilimkumbuka mama.

Rhoda akaja akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hiyo nyeusi itakauka?"

"Itakauka."

"Lini?"

"Rhoda, mimi nimekaa Tunduru."

"Najua umekaa Tunduru. Nimeuliza lini."

Nikaendelea kushona. Kuna maswali mwanaume ukiyajibu unajishusha.

Leo asubuhi nikaigusa kwa kidole. Upepo wa ziwa ulikuwa umepiga usiku kucha, lami imepoa, ngumu, kidole kikatoka safi. Nikamwita Rhoda makusudi aje aone kidole. Akakitazama, akasema, "Jua bado halijatoka, Baba Neema," akachukua mkoba wake akaenda kupanda gari la Butiama, awahi kupika na akina mama wenzake.

Akaacha maagizo: nipitie Bunda kuchukua jenereta yangu iliyokuwa kwa fundi, kisha nipitie Nyamuswa kumchukua mama mkwe, ambaye alikuwa kwa dada yake, kisha tufike wote Butiama.

Nikatandika godoro. Nikapanga vyombo juu yake kimoja kimoja kama watoto wachanga. Nikafunika na turubai. Nikaondoka.

Mpaka Bunda, hakuna chombo kilichosogea. Nilisimamisha gari mara mbili njiani ili tu nifurahi. Pale Bunda fundi jenereta na wenzake wakaja kutazama, nikavuta turubai lote kwa madaha kama mtu anayezindua jengo.

"Mbona linanuka kama barabara mpya?" fundi jenereta akauliza.

"Ndiyo teknolojia hiyo," nikamwambia.

"Na hizi kamba zimekuwa nyeusi kwa nini?"

Nikatazama. Kweli, zile kamba nilizoshonea, pale zinapotokeza juu ya gunia, zilikuwa zimebadilika rangi. Nikasema ni vumbi. (Vumbi jeusi. La Bunda. Jamani, nilisema hivyo kwa mdomo wangu.)

Tukapakia jenereta. Halafu nikafanya uamuzi ambao sasa hivi ningependa kuurudisha. Turubai sikulirudisha. Nilitaka mama mkwe akisimama pale Nyamuswa avione vyombo tangu mbali vikija vimelala kwenye godoro. Nikalikunja, nikaliweka mbele pembeni yangu. Jua lilikuwa limeshapanda, na lilikuwa jua la kazi.

Nyamuswa nikamkuta mama mkwe amesimama nje kwa dada yake. Ni mama mwenye mwili, Mungu amjalie, ana mwendo wa mtu anayeheshimiwa. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha akina mama wa kanisa lao, cha kijani, kimeshonwa kwa ajili ya leo, na kilemba cheupe. Kwapani amembana kuku mweusi, zawadi kutoka kwa dada yake.

Sasa, kwa wale wasiojua mambo ya kwetu. Mama mkwe hashikwi mkono. Hatazamwi usoni. Hukai naye kiti kimoja, huli naye sahani moja, na mahali anapolala hata ukipaona kwa bahati mbaya unageuka. Ikilazimu mzungumze, mnatafuta mtu wa katikati. Na mtu wa katikati leo hakuwepo. Dada yake alishaingia ndani kutafuta kigoda cha kupandia.

Mama akatazama mbele ya pikapu. Kiti kimoja kirefu, mimi huku, turubai katikati, yeye huku. Mabega yetu yangegusana kwenye kila kona. Akamgeukia kuku.

"Kuku," akasema, "mwambie huyo dereva mimi sipandi mbele."

Nikainamisha macho. Nami nikamwambia kuku, "Mwambie mama shikamoo. Na umwambie nyuma kuna godoro."

"Kuku, itikia marahaba. Na umwambie ageuke."

Nikageuka. Dada yake akaweka kigoda, akamsukuma kwa nyuma, nikasikia tela likishusha pumzi. Kisha sauti ya mama, ya mshangao na ya kupendezwa:

"Kuku, hiki kitu ni kilaini."

Moyo wangu ulipaa. Nikawasha gari nikiwa ninaliona banda kwa macho, milango imefunguliwa, bango langu juu, viatu vyangu mlangoni.

Nilifungua kioo na kwenda taratibu ili nisikie kama kuna agizo. Mama alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, sauti nzuri, ananyamaza tu pale anapotuma ujumbe.

"Kuku, mwambie mbele kuna shimo."

Napunguza.

"Kuku, mwambie asante."

Tukaenda hivyo. Safari tamu kuliko zote nilizowahi kusafiri, na nimesafiri. Jua likafika juu ya kichwa, barabara ya vumbi, mama anaimba, vyombo vimetulia kama viko kwenye ibada.

Mbele kidogo nikasikia, "Kuku, hapa chini pana joto."

Nikamjibu kupitia dirishani, "Kuku, mwambie mama ni pamba. Pamba inahifadhi joto."

Tukavuka shimo jingine. Kisha, "Kuku, mbona umevaa soksi?"

Hilo sikulielewa. Nikadhani wanazungumza mambo yao. Baada ya hapo mama hakuimba tena. Nikajua amesinzia. Nikajisifu: sijawahi kusikia fundi aliyetengeneza tela la kumlaza mkwe wake usingizi.

Butiama wakatupokea kwa vigelegele. Akina mama wa kanisani walikuwa wamesimama mbele ya banda, vitenge vya kijani vyote, Rhoda katikati yao, na Magesa amevaa shati la mikono mirefu kama mtu wa ukoo anayetarajia kutoa hotuba. Nikazima gari. Nikashuka upande wangu, macho chini, adabu zote. Nikazunguka nikafungua mlango wa nyuma wa tela bila kutazama ndani, kisha nikasimama pembeni.

"Mama karibu nyumbani, shuka," Rhoda akasema.

"Ninashuka," mama akajibu.

Hakushuka.

"Mama?"

"Ninashuka, mwanangu, ila nashuka na mali za watu."

Vigelegele vikakatika. Nikainua jicho, jicho moja tu, na kwa sekunde moja. Mama mkwe alikuwa amejiinua nusu, na godoro lilikuwa limejiinua pamoja naye. Grinda ikabingirika. Nyundo ikafuata. Kuku alikuwa akitembea juu ya jenereta, miguu yake yote miwili imenasa pamba iliyochungulia kwenye mishono mpaka magotini, kweli kabisa, kama amevaa soksi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba mwenye tela ajifunze. Zile kamba zangu za katani, zilizopita juu mpaka chini kila shibiri, zilikuwa tambi. Tambi kabisa, kama za kibatari. Jua limeyeyusha lami, oili chafu imekataa kuiacha igande, mama amekalia kwa uzito wake, na kila kamba imevuta uji ule mweusi ikaupandisha juu. Kitenge kipya kilikuwa kimeshikwa kila penye mshono. Mistari mizuri iliyonyooka.

Mtu wa kawaida angeruka kumshika mama amsaidie. Mimi mkono ulishanyanyuka. Akina mama wote wakavuta pumzi kwa pamoja, mkono ukarudi wenyewe.

"Geuka," Rhoda akaniambia.

Nikaenda nikasimama nikitazama ukuta wa banda. Magesa akaja akasimama pembeni yangu, naye akatazama ukuta.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Yule ni mama yangu. Kitenge kinaweza kubaki humo muda wowote. Mimi nitatazama nini?"

Sasa fikirieni. Mtu pekee anayejua namna ya kutoa lami ni mimi, na mimi natazama matofali. Ikabidi nitoe maelekezo kwa ukuta.

"Leteni mafuta ya taa," nikauambia ukuta.

"Anasema mafuta ya taa," Magesa akapaza sauti.

"Tumesikia, si kiziwi," Rhoda akajibu. "Mafuta ya taa hakuna, watu wana umeme."

"Basi ya kupikia."

"Ya kupikia yapo kwenye kuku na ndizi."

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa kimehamia upande wetu. Mmoja akaniuliza kwa upole wa kinafiki, "Mzee, mmepewa adhabu? Mmechelewa namba shuleni?" Magesa akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Nyuma yetu akina mama walikuwa wakivuta. "Moja, mbili, tatu." Kisha sauti ya mama: "Acheni, hicho ni kitenge kipya." Wakavuta tena. Kisha Rhoda:

"Baba Neema, haiwezekani. Hiyo vaisi yako na jenereta vimelikalia godoro upande wa huku, sisi hatuviwezi. Njoo uvitoe."

"Nitakujaje na mama yuko hapo?"

"Njoo kinyumenyume."

Jamani. Ningesema sijisikii vizuri. Ningesema mguu unauma. Lakini banda lilikuwa mbele ya pua yangu, nilikuwa nimeligusa kwa paji la uso, na nikaona bado naweza kuokoa kitu. Nikaenda kinyumenyume. Rhoda anaelekeza: kulia, kushoto, rudi, rudi, rudi. Kijiwe nacho kikaelekeza, kila mtu na upande wake, kama wanaegesha lori. Godoro lilikuwa limeburuzwa, ncha yake inaning'inia nje ya mlango wa tela mpaka chini. Nikaikanyaga ile ncha. Mguu ukabaki. Mwili ukaendelea.

Nikakaa.

Nikakaa vizuri kabisa, chwaa, kwenye ukingo wa tela, juu ya godoro, mgongo wangu umemwelekea mama mkwe. Nikajaribu kusimama. Suruali ikakataa.

Mimi na mama mkwe. Godoro moja. Mchana. Butiama.

Sijawahi kusikia senta ikiwa kimya kiasi kile. Hata redio ya duka la jirani ilizimwa. Mama mmoja mzee wa kikundi akasema polepole, "Yesu wangu," akakaa chini kwenye vumbi.

Magesa, kutoka ukutani: "Kuna nini? Mbona kimya?"

Akakuna ukuta kwa kidole.

"Nigeuke?"

"Usigeuke," wakasema wote.

Nitawaambia ukweli wangu. Pale nilipokaa, macho yamefumbwa, nilishaondoka. Banda nilishalisahau. Akilini nilikuwa nimeshafunga mzigo, nikaanza kuhesabu miji ambayo hawanijui. Nikakumbuka kwamba Mpanda sijawahi kukaa. Nasikia Mpanda ni pazuri. Nasikia pana asali.

Kuku akaja na soksi zake akasimama katikati yetu.

"Kuku," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu aliye sebuleni kwake. "Muulize huyo, hili godoro alishona nani?"

"Kuku, mwambie mama nimeshona mimi."

"Alifundishwa na nani?"

"Na marehemu mama yangu."

Akalipapasa godoro. "Kuku, mwambie ile barabara inaniumizaga mgongo kila nikienda kwa dada. Nashukaga nimepinda. Leo mgongo haujauma hata kidogo."

Nikasema asante. Nilimwambia kuku.

"Sasa muulize, na hii nyeusi alifundishwa na mama yake?"

"Hapana. Hiyo nilijifunza Tunduru."

"Nilijua," mama akasema, na akina mama wakaanza kucheka chinichini, wakizibana vinywa na kanga.

"Kuku, muulize na hili. Hapo alipo sasa hivi, anawaza kukimbilia wapi?"

Nikaona hakuna faida ya kumdanganya kuku.

"Mpanda," nikasema.

Rhoda akapiga mguu chini. Mama akamnyamazisha.

"Mwambie haendi. Akienda, watu watasema mama Magesa alikaa godoro moja na mkwe wake, halafu mkwe akatoroka. Yeye atakuwa huko anakula asali, mimi nitabaki na hiyo habari peke yangu, kisimani, kanisani, sokoni. Haiwezekani. Atakaa hapa. Atakaa kwenye banda hilo hilo, watu wamuone kila siku anachomelea, mpaka waisahau."

Yule mama mzee aliyekaa vumbini akainua kichwa. "Mama Magesa, sisi hatusahaugi."

"Basi," mama mkwe akasema, "atakaa sana."

Hapo ndipo niliposikia fundo la kanga likifunguliwa. Ule ufunguo. Wenzangu, nilikuwa nimeshikwa na lami, siwezi hata kupumua vizuri, lakini machozi yalinitoka.

Sasa atanipaje? Mkono kwa mkono haiwezekani. Kuurusha ni dharau. Mama akachana kipande cha kile kitenge (kilishachanika, hakuna hasara mpya), akaufunga ufunguo mguuni kwa kuku, juu ya soksi.

"Magesa, njoo kinyumenyume umchukue huyu kuku umpe shemeji yako."

Magesa akaja. Alikuwa amecheka mpaka hana nguvu, anapepesuka, anapapasa nyuma kwa mikono miwili kama kipofu. Akamshika kuku. Nakiri alimshika. Kisha mmoja wa kijiwe akasema, "Huyo ndiye mwenyekiti wa kikao, mshike kwa heshima," na Magesa akapasuka kicheko, mikono ikalegea.

Kuku akaruka. Akapita juu ya kichwa changu, akatua barabarani, akavuka akikimbia na soksi zake nyeupe, ufunguo unalia cheng cheng mguuni, akaingia nyuma ya nyumba za upande wa pili. Kijiwe kizima kikamfukuza kwa pikipiki. Hawakumpata. Pikipiki hazipiti kwenye michongoma.

Yaliyobaki ni mafupi. Rhoda alileta kisu cha kukatia ndizi, akalipasua godoro katikati, upande wangu na upande wa mama. Akina mama walimzungushia mama kanga nyingi mpaka akawa kama mzigo wa jumuiya, wakampeleka nyumbani kumsugua kwa mafuta ya kupikia. Wazee wameshaletewa taarifa, nitatoa mbuzi wa kuondoa lile jambo la godoro moja, na sina ubishi. Suruali yangu imebaki kwenye tela, imekaa peke yake kwenye ukingo, inatazama barabara. Pembeni yake kuna kipande cha kitenge cha kijani. Watu wanapita wakipiga picha.

Na sakafu ya tela, kwa taarifa yenu, haina kutu hata chembe.

Sasa hivi nimesimama mbele ya banda langu. Ni langu kabisa, limetolewa mbele ya mashahidi wote wa Butiama, na limefungwa. Rhoda amesema nisirudi Nyakato bila ufunguo, na pia nisiende popote pengine. Kwa hiyo yeyote aliye maeneo ya Butiama akimwona kuku mweusi, soksi nyeupe, ufunguo mguuni, tafadhali amshike taratibu na anipigie. Amsalimie kwanza. Yule kuku anajua mambo yangu yote.

Na ukitaka kucheka, cheka, ila vuka kwanza Kiabakari, uwe mbali nisikusikie.